Gurudumu Lisilojua Kiswahili

Mashine za Ulaya zina masikio. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa nikiwa bado naota meno ya pili, na niliamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza upande wa Dar es Salaam. Kila mashine husikia lugha ya fundi aliyeiunda, na lugha nyingine haiitambui. Ukipanda mashine ya Kijerumani, ujue Kijerumani. Ukipanda ya Kiitaliano bila kujua neno lake la kuisimamisha, basi umepanda moja kwa moja. Utazunguka mpaka nguo zikuchanikie mwilini, utazeekea humo humo, na watu wa nyumbani watafanya arobaini yako bila mwili.

Aliyenipa habari hizo ni Mzee Masanja, na mwezi uliopita tumemzika. Yeye alikuwa Mnyamwezi na sisi ni Waluguru, kwa hiyo alikuwa mtani wetu. Alikuwa na ruhusa ya kututukana barabarani, kukamata kuku wetu akitamani mchuzi, na kutudanganya kadiri kifua chake kilivyoweza, na hakuna wa kununa. Sisi nasi hivyo hivyo kwake. Hata msibani hatukumwacha apumzike. Tulivaa kofia yake ya pama tukaiga mwendo wake wa kuchechemea, na binamu yangu akaliinamia jeneza mbele ya watu wote akauliza kama marehemu amekumbuka kubeba viazi vyake vikavu, au huko aendako anategemea kula vya wenyeji kama alivyozoea. Mjane wake alicheka mpaka akaomba maji. Zamu yangu ya kuivaa ile kofia ilipofika, harufu yake ya tumbaku na grisi ikanipanda puani, na utoto wangu wote ukanirukia kifuani kama mbwa aliyemwona mwenyewe anarudi safari.

Ilikuwa ile miaka watu waliyoiita ya ruksa. Maduka ya Mwembesongo, ambayo rafu zake zilikuwa tupu na muuzaji kazi yake ni kupiga miayo, yalianza kufura. Sabuni za kunukia, redio za kaseti, viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wenye miguu mirefu kuliko yetu, vyote vikamwagika kwa pamoja. Mzee mmoja wa Kihindi aliyetuuzia vitambaa alileta televisheni akaiweka dirishani, na jioni nusu ya Mafiga ikawa inahamia kwenye kibaraza chake. Dunia ilikuwa inatusogelea, na sisi wa milimani tukaanza kuisogelea kidogo. Kigango chetu, juu kule Bigwa, kikapata urafiki na parokia moja ya Italia, katika mji mdogo ulio kando ya bahari. Wakatuomba tuwapelekee kwaya yetu na ngoma zake. Watu ambao hawajawahi kufika Dodoma wakapigwa picha za pasipoti.

Mke wangu alikuwemo. Nina maana ya bibi yangu Koleta, mama yake mama yangu, maana kwetu bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume, na mjukuu naye huringa. Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa amebeba kabichi na karoti kichwani kutoka mlimani hadi sokoni tangu usichana wake, shingo yake imenyooka kama nguzo, na katika kwaya alipiga ngoma kubwa. Mimi nilipiga manyanga. Sikuwa napiga vizuri, lakini Bibi alisema kama mume wake haendi, ngoma nayo haiendi.

Habari ilipomfikia Mzee Masanja alikuja nyumbani kwetu asubuhi ile ile. Aliwahi kuwa kibarua wa Waitaliano waliojenga barabara, na tangu hapo kila kitu kuhusu Ulaya alikijua yeye.

“Mluguru mdogo,” akaniambia, “unakwenda kwa Waitaliano na mdomo mtupu?”

“Nina Kiswahili, mzee.”

“Kiswahili! Huko watakupandisha kwenye mashine za kuchezea. Zinazunguka, zinapaa. Utaisimamishaje kwa Kiswahili? Inakujua?”

Alijua amenikamata.

“Sikiliza. Sisi tulikuwa na gari la kushindilia barabara. Gurudumu lake chuma kitupu, zito kama hilo kanisa lenu. Siku moja likawa linatujia. Tukapiga kelele, simama, simama! Wapi. Linakuja tu. Mnyapara wa Kiitaliano akatoka hemani na kikombe chake cha kahawa, akasema neno moja. Basta! Yaani imetosha. Likaganda pale pale kama mbuzi aliyeona chui.”

“Na dereva?” nikauliza, maana sikuwa mjinga kabisa.

“Dereva alikuwa amelala.”

Kwa jibu hilo kesi ikafungwa. Bibi alikuwa pembeni anachambua maharage. Aliinamisha uso mpaka ukakaribia kuingia kwenye ungo.

Nilijifunza neno lile kama Baba Yetu. Nilikitamkia kijito, nikawatamkia mbuzi, nikaenda nalo hadi kwenye mashine ya kusaga nikasimama mlangoni nikapiga “Basta!” mpaka unga ukaniingia kooni. Haikusimama. Hilo ndilo lililonithibitishia kila kitu: mashine ile ilitoka India.

Kuna jambo jingine lazima mlijue kabla hatujasafiri. Nyumba yetu iko upande mmoja wa kijito na shamba la maharage la Bibi liko upande wa pili, kwenye mteremko uliosimama wima kiasi kwamba ukiangusha jembe unalifuata kwa jirani. Sauti haivuki vizuri bonde lile kwa kelele za maji. Kwa hiyo Bibi alituita kwa khanga, na majirani wote walizijua ishara zake. Akiipunga kidogo kidogo ubavuni, leta maji ya kunywa. Akiipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili bila kupumzika, acha chochote unachofanya uje mbio. Mara ya mwisho alipopunga hivyo nguruwe pori walikuwa wameingia shambani, nami nilifika nikitweta na mwiko wa ugali mkononi.

Kuhusu ndege nitasema moja tu. Ilipotua, kwaya iliimba pambio la shukrani, na wahudumu walisahau kufungua mlango.

Wenyeji wetu walitupenda kupita kiasi. Walitulisha, wakatuvisha makoti, na siku moja wakaamua kutupeleka kwenye bustani ya michezo, mahali penye kila aina ya chuma kinachozunguka. Lakini asubuhi hiyo padre wetu, aliyesoma Roma na ndiye aliyekuwa mdomo wetu, aliamka hana sauti. Alikuwa amekula aiskrimu kama mtu anayelipiza kisasi. Tukaondoka bila yeye, ngoma zetu mabegani, tukiongozwa na mama mmoja mwenyeji, mnene, mchangamfu, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa “asante sana.” Alikitumia kwa kila jambo, hata alipokanyagwa.

Mkwamo wa kwanza ulikuwa mlangoni. Alikaa pale mzee mwenye masharubu meupe akigawa tiketi. Sasa, mtoto wa kwetu hampiti mzee hivi hivi kama anapita kisiki. Wa kwanza wetu akasema, “Shikamoo.” Mzee akatabasamu, akampa tiketi. Mtoto akasimama. Tiketi imo mkononi, lakini salamu haijajibiwa, na ukiondoka kabla ya jibu una tabia gani? Wa pili akaamkia, akasimama nyuma ya wa kwanza. Wa tatu hivyo hivyo. Foleni ikarudi nyuma, ikapita maegesho ya magari, na nakuhakikishia mkia wake ulikuwa unakaribia mpaka wa Uswisi. Waitaliano nyuma yetu wakaanza kurusha mikono. Ndipo Mwalimu Gervas, kiongozi wa kwaya, akamsogelea mzee, akajionyesha mdomo wake mwenyewe, akatamka polepole kama anafundisha sauti ya tatu: “Ma-ra-ha-ba.”

“Maraba!” akasema mzee.

Mlango ukazibuka. Mchana tulipopita tena, alikuwa anamwambia maraba kila Mwitaliano anayeingia, na wengine walikuwa wanamjibu.

Njaa nayo ilikuwa na lugha yake. Mwalimu Gervas alikulia enzi za Misa ya Kilatini na alikuwa nayo yote kichwani. “Kilatini ndiye baba yao hawa,” akatuambia. “Mtoto hawezi kumsahau baba.” Akaenda kwenye dirisha la vyakula, akavua kofia, akamghania yule dada wa ndani kipande cha Baba Yetu kinachoomba mkate wa kila siku. Dada akaweka mikono kiunoni. Mwalimu akarudia, sauti ya besi. Dada akacheka mpaka akashika meza, akatoa mikate, na ndani ya kila mkate akatia soseji, jambo ambalo hata sala yenyewe haikuomba. “Mmeona?” akasema Mwalimu. Tulimwona kama mtume. Shida ilikuja dakika chache baadaye, maana katika Misa yote ya Kilatini hakuna mahali palipotajwa choo. Hapo kila mtu alijitegemea kwa ishara zake, na sitazieleza.

Halafu tukafika kwenye gurudumu. Lilivyosimama pale, hata mlima wetu wa Bondwa ungekuja kukaa kivulini mwake. Chuma kitupu, na viti vya rangi vimening’inia kando kando, kila kiti cha watu wawili. Hewa ya pale ilinuka sukari inayoungua na grisi. Bibi aliinua macho akalipanda kwa macho taratibu hadi kileleni, kama anavyoupima mteremko kabla ya kuulima.

“Mume wangu,” akasema, “twende.”

“Usiogope,” nikamwambia. “Neno ninalo.”

Kijana aliyelisimamia alivaa fulana yenye madoa ya grisi na saa kubwa mkononi. Kando yake palikuwa na dubu wa mbao aliyepakwa rangi, amenyoosha mkono mmoja mbele. Niliona ananipa mkono, kwa hiyo nikampa wangu, nikamwamkia, halafu nikapita chini ya mkono ule kumfuata Bibi. Yule kijana akanishika bega. Akaonyesha mkono wa dubu, akaonyesha utosi wangu, akatikisa kichwa. Nikadhani sijasalimia vizuri. Nikarudi nikamwamkia dubu upya, kwa mikono miwili. Akatikisa kichwa tena. Mwalimu Gervas akaleta Kilatini, kikakataliwa. Yule mama mwenyeji akaleta asante sana. Na Bibi alikuwa ameshakaa, chuma cha usalama kimeshafungwa mbele ya tumbo lake, klik, na kando yake pako wazi.

Mtoto mwingine angeelewa kwamba ni mfupi. Mimi nilielewa jambo kubwa zaidi. Mashine imenigundua. Imejua nina neno la kuisimamisha, imenikataa mimi na kumchukua mke wangu ambaye hajui hata “ciao,” salamu yao.

Gurudumu likaondoka na Bibi. Likampandisha, akawa mdogo kama kuku, akawa kama kifaranga, akawa doa la njano la khanga yake angani. Mzunguko wa kwanza alipita karibu nasi akasema kitu kwa Kiluguru ambacho upepo ulikichukua. Mzunguko wa pili, alipofika kileleni kabisa, niliona anaivua khanga mabegani. Akaiinua juu ya kichwa. Mikono miwili. Akapunga, akapunga, bila kupumzika.

“Basta!” nikapiga kelele. “Basta! Basta!”

Yule kijana akanigeukia, akacheka kwa upole, akagonga kioo cha saa yake kwa kidole. Jamani! Kwetu mtu akikuonyesha saa huku mgonjwa wako yuko ndani, unaelewa nini? Nilielewa kwamba saa ya Bibi imefika. Nikaangua kilio.

“Una nini wewe?” akauliza Mwalimu Gervas.

“Bibi hashuki tena! Halijui Kiswahili!”

Angeweza kunicheka. Lakini akafuata kidole changu, akaiona khanga, naye alikuwa mtu wa Bigwa. Akinamama wa kwaya nao wakaiona. “Mungu wangu,” akasema mmoja, “Koleta anaita!” Hapo hapakuwa na majadiliano tena. Mtu akaivuta ngoma kubwa, Mwalimu akainua mikono, na kwaya nzima ikaingia kwa pamoja, sauti zote nne: Baaa-sta! Soprano zikapaa kumfuata Bibi, besi zikatikisa ardhi, mimi na manyanga yangu katikati, machozi na kamasi vimeungana. Waitaliano waliacha mashine zao wakatuzunguka. Walidhani ni onyesho. Wakapiga makofi, wakashika pambio, watu mia tano, labda elfu, wanaimba Basta kwa mwendo wa ngoma ya Uluguru.

Na gurudumu likapunguza mwendo. Likapumua. Likasimama.

Kelele zilizopigwa pale ziliwatisha njiwa wa mji mzima. Mwalimu Gervas alininyanyua mabegani kwake, na nikiwa juu huko nilimwona Bibi anashuka, khanga mkononi. Uso wake haukuwa na furaha.

“Kelele za nini?” akauliza.

“Tumekushusha!” nikasema. “Nimekushusha mimi!”

Akanitazama, kamasi na yote. Akatazama kileleni, muda mrefu. Halafu akanifuta uso kwa ncha ya khanga. “Haya,” akasema. “Nimeshuka.” Akanishika mkono na hakuuachia mpaka tukapanda basi. Nilijua ni hofu ya alikotoka.

Nyumbani nilirudi shujaa. Mzee Masanja aliniita kila alipopata wageni. “Mluguru, hebu waeleze. Nilikwambia nini?” Nami naeleza, na kila nikieleza gurudumu linarefuka kidogo, na Bibi kama yupo karibu, anauinamia ungo wake.

Miaka ikapita. Darasa la saba lilinishinda kwa heshima zote, nikawa fundi wa baiskeli, halafu nikiwa na ndevu zangu nikaingia masomo ya jioni pale mjini na huko nikakutana na fizikia. Mwalimu wa huko alitufundisha mota, breki na swichi, nikayachora yote kwa rula, na mtihani nikaupasua. Lakini kichwa changu ni nyumba ya vyumba viwili. Cha mbele nilimkaribisha fizikia, akakaa kwenye kochi. Cha uani Basta aliendelea kulala, na sikuona sababu ya kumwamsha.

Sasa, siku ile tulipotoka kumzika Mzee Masanja, tulikaa uani kwa Bibi tukila maharage. Bibi amezeeka, lakini shingo bado nguzo. Binti yangu Neema, aliye na umri ule ule niliokuwa nao, akaomba nimsimulie jinsi nilivyomwokoa bibi mkubwa. Nikasimulia. Siku hiyo gurudumu liligusa mawingu na Waitaliano wakawa elfu kumi. Nikamtazama Bibi nikitegemea kuona utosi wake. Hakuinama. Aliuweka ungo chini.

“Mume wangu ni mwongo,” akasema.

“Bibi! Si ulikuwa juu mwenyewe?”

“Nilikuwa juu. Ndiyo maana najua.”

“Mbona siku zote hukusema?”

“Utani ulikuwa wa Masanja, haukuwa wangu. Ningemharibiaje mtani wangu kazi yake, naye yu hai? Leo tumemfukia.” Akapangusa mikono. “Mashine haina masikio. Yule kijana alikuwa anaangalia saa. Muda ukiisha, anavuta chuma, linasimama. Waliotutangulia walishushwa hivyo hivyo, na hakuna aliyewaimbia.”

Neema akaanguka mkekani kwa kicheko. Mimi nikashika ubao wa mwisho uliobaki wa merikebu yangu.

“Na khanga je? Ulipunga kwa mikono miwili.”

“Nilipunga.”

“Si ulikuwa unaomba msaada?”

“Nani alikwambia ile ni ya msaada? Ile ni ya kuja mbio. Kule juu niliona bahari upande huu na milima upande ule, kama mtu ameibeba Uluguru akaitua ufukweni. Na kiti chako kilikuwa tupu. Nilikuwa nakuita uje uone, basi.”